Mwana wa fundi wa bati aliyeipa dunia injini isiyo na maji

WALIOWAHI kumiliki Volkswagen ya zamani, ile yenye umbo la mende na injini kwa nyuma, wangali wanaukumbuka mlio wake. Mtu aliyekuwa jikoni aliweza kutambua kuwa mgeni fulani amefika hata kabla hajazima gari, seuze kubisha hodi. Injini hiyo haikuwa na rejeta wala tone la maji. Ilikuwa na feni, silinda nne zilizolala mbili upande huu na mbili upande ule, na katikati, chini ya krenki, kamshafti moja fupi yenye nundu nne tu.

Msomaji asiye na mazoea ya gereji ataniwia radhi kwa maelezo mafupi, kwani bila hayo maisha ya mtu tunayemzungumzia hayaeleweki. Kamshafti ni mhimili wa chuma unaozunguka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili. Juu yake mna nundu, na kila nundu inapopanda husukuma kifaa kinachofungua valvu, ama ili hewa na petroli viingie katika silinda, ama ili moshi utoke. Nundu ikiwa ya wastani, valvu hufunguka kidogo na kwa muda mfupi, na injini huvuta kwa utulivu ikiwa katika mwendo wa chini. Nundu ikiwa kali, valvu hufunguka sana na kwa muda mrefu. Injini hunguruma na kukimbia, lakini huwa na kisirani barabarani mjini na hula petroli bila huruma. Injini mbili zenye ukubwa uleule zaweza kutofautiana kama mbingu na ardhi kwa sababu ya kipande hicho kimoja cha chuma.

Ferdinand Porsche alizijua aina zote hizo mbili. Kwa muda wa miaka 20 na ushei alitengeneza injini kali za mashindano zilizovuma kote Ulaya. Kisha, alipokaribia umri wa miaka 60, akasimamia uundaji wa injini pole kuliko zote alizowahi kuzishughulikia, na hiyo ndiyo iliyoenea duniani. Namna alivyofika hapo, na waliolipa gharama ya safari hiyo, ndiyo hadithi ya makala haya.

Alizaliwa Septemba 3, 1875, katika kijiji cha Maffersdorf, eneo la Bohemia, ambalo wakati huo lilikuwa chini ya dola ya Austria na Hungary. Leo kijiji hicho huitwa Vratislavice nad Nisou na ni sehemu ya mji wa Liberec katika Jamhuri ya Czech. Babake, Anton, alikuwa fundi wa bati mwenye karakana yake, na alitarajia kwamba mwanawe angeurithi ufundi huo. Kijana hakuupenda. Kilichomvutia ni umeme, kitu kigeni wakati huo ambacho alikiona kikitumika katika kiwanda cha mazulia kijijini mwao. Mchana alifua bati na usiku akahudhuria masomo ya ufundi katika mji jirani wa Reichenberg. Kabla hajatimiza miaka 20 alikuwa ameweka taa za umeme nyumbani kwao, na hapo mzee Anton akasalimu amri.

Mwaka wa 1893 alihamia Vienna na kuajiriwa na kampuni ya vifaa vya umeme ya Béla Egger. Hakuwa na fedha wala vyeti vya kumwingiza chuo kikuu, hivyo akawa akijipenyeza katika kumbi za mihadhara za chuo cha ufundi cha mji huo na kusikiliza bure. Shahada pekee alizopata maishani ni za heshima; ya kwanza alitunukiwa na chuo hichohicho cha Vienna mnamo 1917. Tangu siku hiyo aliitwa Dkt Porsche, na inasemekana hakuchoka kuitwa hivyo.

Jina lake lilijulikana kwa mara ya kwanza kutokana na magari yasiyotumia petroli. Akiwa na mtengenezaji wa magari ya farasi, Jacob Lohner, aliunda gari lililoendeshwa na mota za umeme zilizofichwa ndani ya magurudumu yenyewe. Gari hilo lilionyeshwa katika Maonyesho ya Dunia jijini Paris mnamo 1900. Betri zake zilikuwa nzito kupindukia, kwa hivyo akabuni gari jingine ambalo injini ya petroli ilizalisha umeme wa kuyazungusha magurudumu. Vijana wa leo wanaoyasifu magari ya mseto kama uvumbuzi wa karne hii hawana budi kujua kuwa mwana wa fundi wa bati alikuwa ameshalifikiria jambo hilo kabla ya babu zao kuzaliwa.

Alimwoa Aloisia Kaes mnamo 1903. Binti yao Louise alizaliwa 1904 na mwana wao Ferdinand, aliyefahamika zaidi kwa jina la Ferry, akazaliwa 1909. Katikati ya miaka hiyo, mnamo 1906, Porsche aliajiriwa kuwa mkuu wa ubunifu katika kampuni ya Austro-Daimler huko Wiener Neustadt, na hapo ndipo alipoanza kuzishughulikia injini za petroli kwa dhati.

Wakati huo magari mengi yalikuwa na kamshafti chini, ubavuni mwa silinda, na valvu zake zilisimama kandokando kama wageni wasiokaribishwa sebuleni. Hewa ililazimika kuzunguka kona kabla ya kuingia, na nguvu nyingi ilipotea. Kwa gari aliloandaa kwa mashindano ya Prinz Heinrich ya mwaka wa 1910, Porsche aliipandisha kamshafti juu kabisa, ikakaa kichwani mwa injini na kuzifungua valvu kutoka huko. Injini hiyo ya lita 5.7 ilitoa takriban nguvu za farasi 95. Austro-Daimler ilinyakua nafasi tatu za kwanza, na aliyeliendesha gari lililoshinda alikuwa Porsche mwenyewe.

Miaka miwili baadaye alitengeneza injini ya ndege yenye silinda nne zilizolala pande mbili na kupozwa kwa hewa. Ndege haitaki uzito, na maji ni mzigo. Wazo hilo alilihifadhi akilini kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kulirudia katika gari la watu wa kawaida.

Vita Vikuu vya Kwanza vilimfanya atengeneze matrekta ya kuvuta mizinga mizito ya jeshi la Austria. Vita vilipokwisha, dola aliyoitumikia ilikuwa imesambaratika na Porsche, kwa kuwa alizaliwa Bohemia, akajikuta raia wa nchi mpya ya Czechoslovakia. Aliendelea kuwapo Austro-Daimler na mnamo 1922 akatoa kigari chepesi cha mashindano cha lita 1.1 kilichoitwa Sascha, ambacho kilishinda katika daraja lake kwenye mbio za Targa Florio kisiwani Sicily. Alitaka kampuni itengeneze magari madogo ya bei nafuu kwa ajili ya umma. Wakurugenzi hawakutaka. Porsche hakuwa mtu wa kuvumilia kukataliwa. Hasira zake zilijulikana kiwandani kote, na kofia yake iliwahi kutupwa sakafuni na kukanyagwa na mwenye kofia mara nyingi. Akaondoka mnamo 1923.

Stuttgart alipokewa na kampuni ya Daimler. Gari la Mercedes alilolishughulikia lilishinda Targa Florio ya mwaka wa 1924. Baada ya Daimler kuungana na Benz mnamo 1926, zikafuata Mercedes za S, SS na SSK, magari makubwa yenye kamshafti ya juu na pampu ya kushindilia hewa ndani ya silinda, magari ya matajiri wa kupindukia. Lakini alipozungumzia tena gari dogo, jibu lilikuwa lilelile, na mkataba wake haukuendelezwa. Mwaka wa 1929 alijiunga na Steyr ya Austria, na kabla ya muda mrefu mdororo wa uchumi ukaitikisa kampuni hiyo na benki iliyoiauni. Akiwa na umri wa miaka 55, mtu aliyekuwa miongoni mwa wahandisi maarufu zaidi Ulaya hakuwa na kazi.

Alichofanya ni kufungua ofisi yake. Ilisajiliwa jijini Stuttgart mnamo Aprili 1931, nayo haikutengeneza magari. Ilichora tu na kushauri. Wenye hisa walikuwa watatu: Porsche mwenyewe, mkwewe Anton Piëch aliyekuwa wakili, na Adolf Rosenberger, dereva wa mashindano na mfanyabiashara aliyetoa mtaji na kutafuta wateja. Rosenberger alikuwa Myahudi. Tutamrejelea baadaye, maana kwa miaka mingi historia rasmi ya kampuni haikumtaja ipasavyo.

Ofisi hiyo ilibuni mambo mawili yanayofaa kuwekwa bega kwa bega. La kwanza ni gari la mashindano la Auto Union la mwaka wa 1934, lenye silinda 16 nyuma ya dereva. Mhandisi mwingine angeliwekea injini kama hiyo kamshafti mbili au nne. Porsche na wenzake waliweka moja pekee, katikati ya safu mbili za silinda, nayo ikazifungua valvu zote 32 kwa msaada wa fito na mikono midogo ya chuma. Ilikuwa nyepesi, rahisi na yenye vipande vichache. Hans Stuck alishinda nayo mashindano ya Ujerumani mwaka huohuo, na Bernd Rosemeyer akawa bingwa wa Ulaya mnamo 1936 akiendesha gari la ukoo huo.

La pili ni gari la umma. Porsche alikuwa ameshawachorea Zündapp na baadaye NSU magari madogo, na lile la NSU lilikuwa na injini ya silinda nne zilizolala, iliyopozwa kwa hewa. Kampuni zote mbili ziliachana na mpango huo. Mnamo Januari 1934 aliwasilisha kwa serikali mpya ya Ujerumani pendekezo lake, na Juni mwaka huohuo akatia saini mkataba. Adolf Hitler alitaka gari la watu watano wa familia, liendalo kilomita 100 kwa saa, lisilotumia zaidi ya lita saba kwa kilomita 100, na bei yake isizidi Reichsmark 1,000. Halikupaswa kuwa na maji ndani yake, kwa sababu Wajerumani wengi hawakuwa na banda la kuegeshea, na maji huganda usiku wa baridi na kupasua injini.

Bei hiyo iliwakosesha wahandisi usingizi. Walijaribu injini za silinda mbili na nyinginezo, zikashindwa. Aliyepata ufumbuzi ni mhandisi wa Austria, Franz Xaver Reimspiess, aliyechora injini ya silinda nne ambayo ilionekana ghali mpaka hesabu zilipofanywa. Siri moja ya unafuu wake ilikuwa katika kamshafti. Kwa kuwa silinda zilikabiliana pande mbili, nundu moja iliweza kusukuma valvu ya upande wa kushoto kisha ya upande wa kulia. Nundu nne zikazitumikia valvu nane. Hapakuwa na mnyororo wala mkanda. Gia ya krenki iliishika moja kwa moja gia ya kamshafti, na ncha ya kamshafti hiyohiyo ikaizungusha pampu ya oili.

Umbo la nundu lilikuwa la upole wa makusudi. Injini ya sentimita za ujazo 1,131 iliyotumika tangu miaka ya vita ilitoa nguvu za farasi 25 tu ikizunguka mara 3,300 kwa dakika, na ikikaribia kupita hapo ilianza kukosa pumzi. Walioicheka hawakuelewa. Ujerumani ilikuwa ikijenga barabara kuu ambapo dereva angeweza kukanyaga mafuta hadi mwisho kwa saa nzima, na injini inayopozwa kwa hewa haina maji ya kuokoa uzembe wa dereva. Kamshafti ya upole, pamoja na njia nyembamba za hewa, zilikuwa kama lijamu: dereva hangeweza kuiua injini yake hata akitaka. Mhandisi aliyetumia nusu ya maisha yake kutafuta namna ya kuingiza hewa nyingi zaidi sasa alikuwa akiidhibiti isiingie sana. Kwangu mimi, huo ndio ushahidi mkubwa zaidi wa ukomavu wake.

Magari matatu ya majaribio yaliendeshwa kilomita 50,000 kila moja katika miezi ya mwisho ya 1936. Krenki zilivunjika, zikabadilishwa na nyingine zilizofuliwa. Mwaka uliofuata mengine 30 yaliendeshwa jumla ya kilomita zaidi ya milioni mbili na madereva kutoka kikosi cha SS. Mei 26, 1938, Hitler aliweka jiwe la msingi la kiwanda karibu na Fallersleben. Raia walihimizwa kununua stempu za Reichsmark tano kila wiki hadi watimize bei ya Reichsmark 990. Zaidi ya watu 330,000 walijiandikisha. Hakuna hata mmoja aliyepewa gari kwa mpango huo.

Kuna wanaodai kuwa gari lenyewe halikuwa wazo la Porsche pekee, na wana hoja. Hans Ledwinka wa kampuni ya Tatra, Czechoslovakia, alikuwa ameshaunda magari yenye injini ya hewa kwa nyuma na mwili wa mviringo, na wahandisi hao wawili walifahamiana na kujadiliana. Tatra ilishtaki, Wajerumani walipoivamia Czechoslovakia kesi ikazimwa na gari la Tatra lililofanana zaidi na la Porsche likasitishwa. Katika miaka ya 1960 Volkswagen ilikubali kulipa fidia nje ya mahakama. Ledwinka alifariki mnamo 1967.

Tukirejea kwa Rosenberger, mnamo 1935 alilazimika kuuza hisa zake kwa bei ya kutupa, na mwaka huohuo akakamatwa na kufungwa katika kambi ya Kislau kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke asiye Myahudi. Aliachiliwa, akakimbilia Ufaransa na hatimaye Marekani. Baada ya vita alidai haki yake, akaambulia Deutschmark 50,000 na gari moja. Hisa zake zilibaki katika ukoo wa Porsche na Piëch, ambao utajiri wake leo ni miongoni mwa mikubwa barani Ulaya.

Porsche hakuwa mwanasiasa, na watetezi wake hulikariri jambo hilo kila jina lake linapotajwa pamoja na Wanazi. Hata hivyo, alikubali uraia wa Ujerumani mnamo 1934 kwa sababu kazi ilidai, akajiunga na chama cha Nazi mnamo 1937, akapewa cheo katika SS na kupokea tuzo ya taifa kutoka mikononi mwa Hitler. Vita vilipoanza, kiwanda cha gari la umma kilitoa magari ya kijeshi, yakiwemo zaidi ya 50,000 ya Kübelwagen yaliyotumia injini ileile ya hewa jangwani Afrika Kaskazini na katika theluji ya Urusi. Porsche alibuni pia vifaru, na kimoja cha kuwinda vifaru vya adui kikapewa jina lake la kwanza, Ferdinand.

Magari hayo yaliundwa na nani? Takriban watu 20,000 walifanyishwa kazi ya shokoa katika kiwanda hicho wakati wa vita: wanawake na wanaume kutoka Poland, Ukraine na Urusi, mateka wa vita, na wafungwa wa kambi za mateso, wakiwemo Wayahudi. Porsche alikuwa miongoni mwa wakurugenzi na mkwewe Piëch alikisimamia kiwanda. Mnamo 1942 kambi ya wafungwa ilifunguliwa kiwandani hapo kwa makubaliano na Heinrich Himmler, na Porsche alihusika katika kuitafuta nguvukazi hiyo. Watoto wachanga wa wanawake waliofanyishwa kazi walinyang'anywa mama zao na kupelekwa katika makao ya watoto, ambayo baadaye yalihamishiwa kijiji cha Rühen. Zaidi ya 300 walikufa humo kwa utapiamlo, uchafu na maradhi. Daktari wa kiwanda, Hans Körbel, alihukumiwa na mahakama ya Waingereza na kunyongwa mnamo 1947. Porsche hakushtakiwa kwa lolote kati ya hayo. Watu wa aina yake, ambao macho yao hayabanduki kwenye ubao wa kuchorea, wamekuwapo katika kila utawala dhalimu, na dhalimu hawezi kufanya lolote bila wao.

Mnamo Desemba 1945 Wafaransa walimwita Baden-Baden wakidai kuwa wanataka kujadiliana kuhusu gari la umma la Ufaransa. Alipofika wakamkamata pamoja na Piëch. Alipelekwa Paris, ambako aliulizwa maoni yake kuhusu gari dogo la Renault, kisha akafungwa katika gereza la Dijon, akiwa mzee wa miaka 70 mwenye afya dhaifu. Nyumbani, Ferry na dadake Louise walikubali kazi ya kumbunia tajiri wa Italia, Piero Dusio, gari la mashindano, na malipo ya kazi hiyo yakachangia dhamana ya faranga milioni moja iliyowatoa wazee hao gerezani Agosti 1947. Mahakama ya Ufaransa ilimwondolea lawama baadaye.

Alipofika Gmünd, mji mdogo wa Austria walikohamishia ofisi, alikuta mwanawe ameanza kubuni gari la kwanza la kubeba jina la ukoo. Gari hilo, 356, liliidhinishwa Juni 1948. Lilitumia injini ya Volkswagen iliyoongezwa nguvu hadi farasi 35. Mwaka huohuo Volkswagen, chini ya Heinrich Nordhoff, ilikubali kulipa ada kwa kila gari litokalo kiwandani. Mnamo Novemba 1950 Porsche alizuru kiwanda hicho kwa mara ya kwanza tangu vita na kuona magari yakitiririka. Mwezi huohuo alipatwa na kiharusi. Alifariki jijini Stuttgart Januari 30, 1951, akiwa na umri wa miaka 75, na akazikwa Zell am See, Austria.

Tofauti kati ya kamshafti alizoziacha nyuma zilipanuka baada ya kifo chake. Huko Porsche, kijana Ernst Fuhrmann aliichonga upya kamshafti ya injini ileile ya fito, na matokeo yakaonekana mnamo 1952: 356 za lita 1.5 ziliuzwa kwa namna mbili, moja ya nguvu za farasi 55 kwa mwendo wa kawaida na nyingine, iliyoitwa Super, ya farasi 70. Nundu kali zilikuwa sehemu kubwa ya tofauti hiyo. Kisha Fuhrmann huyohuyo akaunda injini yenye kamshafti nne, mbili kila upande, iliyotoa farasi 110 kutoka ujazo uleule na kuwatoa mafundi jasho kila walipoipanga.

Volkswagen haikufuata njia hiyo. Ilipanda ngazi polepole: farasi 30 mnamo 1954, 34 kuanzia 1960, 40 katika injini ya 1300, 44 katika ya 1500 na 50 katika ya 1600 ya mwaka wa 1970. Nyongeza nyingi zilitokana na ukubwa wa silinda, valvu na njia za hewa. Kamshafti ilibaki pole. Mabadiliko yake yalihusu uimara zaidi. Hadi katikati ya miaka ya 1960 ilizunguka moja kwa moja ndani ya mwili wa injini, kisha ikawekewa beringi zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 gia yake, iliyokuwa imeshikiliwa kwa ribiti tatu, ikaanza kushikiliwa kwa nne na pampu ya oili ikabadilishwa iendane nayo. Mwenye gari la zamani anayenunua spea afaa kuzihesabu ribiti hizo kabla ya kulipa, kwani pampu ya aina moja haikai sawasawa na kamshafti ya aina nyingine, na injini ikikosa oili haingoji maelezo.

Afrika Mashariki iliupima upole huo kwa njia yake. Katika mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, magari yenye nguvu maradufu yalikwama matopeni au kuchemsha maji milimani. Volkswagen, isiyo na maji ya kuchemka na yenye uzito wake juu ya magurudumu yanayosukuma, ilishinda mnamo 1954 ikiendeshwa na Vic Preston na D. P. Marwaha, ikarudia 1957 kwa Gus Hofmann na Arthur Burton, na tena 1962 kwa Tommy Fjastad na Bernhard Schmider. Porsche zenyewe, pamoja na ukali wa kamshafti zao, hazikuambulia ushindi katika enzi hizo. Mwaka wa 1978, Vic Preston mwana, akiendesha 911, alimaliza wa pili.

Uundaji wa Volkswagen hiyo ulikoma Julai 30, 2003 katika mji wa Puebla, Mexico. Jumla yake ilikuwa magari 21,529,464. Miaka mitano kabla ya hapo kampuni ilikuwa imeanzisha hazina ya kuwalipa waliofanyishwa kazi ya shokoa ambao bado walikuwa hai. Huko Vratislavice, vibao vilivyotangaza kuwa hapo ndipo alipozaliwa Ferdinand Porsche viliondolewa mnamo 2013, baada ya wakazi kulalamika kuwa havikusema lolote kuhusu miaka yake na Wanazi.